Kifurushi cha viungo cha maabara moja Ngamiani: kila kitu kimo isipokuwa kongosho

Maabara hii iko Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara za namba, chini ya ghorofa, mlango wa kioo wenye bango la bei. Jina tunaliacha kwa makusudi, kwa sababu kasoro tutakayoieleza si yake peke yake. Tunachokipima hapa ni ile huduma wanayoiita "kifurushi cha viungo": ESR na CRP (vya kuonyesha kama kuna kinachofura mwilini), RF (cha baridi yabisi), ASO (cha maambukizi ya koo), asidi ya yuriki (cha jongo) na picha kamili ya damu, yaani FBP, vyote kwa Sh 55,000 taslimu. Aliyeamka usiku kidole gumba cha mguu kimevimba na hakigusiki atapata thamani ya pesa yake. Mwenye viungo vilivyovimba pamoja na vinundu vinavyouma miguuni anaweza kuondoka na majibu sita yasiyomwambia kitu, wakati jibu lenyewe limo kwenye tyubu ileile aliyotolewa damu. Hakuna aliyepima lipesi.

Tueleze kwanza kwa nini lipesi iingie kwenye habari ya magoti.

Kongosho liko nyuma ya tumbo la chakula, na kazi yake mojawapo ni kutengeneza vimeng'enya vya kusagia chakula. Lipesi huvunja mafuta, amilesi huvunja wanga, tripsini hushughulika na protini. Kongosho likiumia, vimeng'enya hivyo huvuja na kuingia kwenye damu. Linaweza kuumizwa na jiwe la nyongo, pombe, mafuta ya damu yaliyopanda kupita kiasi, mfuko wa maji uliobaki baada ya shambulio la zamani, au saratani. Lipesi haichagui kati ya mafuta ya mchuzi wa nazi na mafuta ya mwili: ikifika chini ya ngozi inayavunja yaliyopo pale. Seli za mafuta hufa, mahali pale hufura, ngozi inatoa kinundu. Mafuta yanayozunguka kiungo yakivunjwa, kiungo kinavimba. Yale ya ndani ya uboho yakivunjwa, mfupa unauma na baadaye picha ya eksirei inaweza kuonyesha matundu. Ni ugonjwa mmoja uliojitokeza sehemu tatu, na wa kwanza kueleza uharibifu huo wa mafuta ya chini ya ngozi alikuwa Hans Chiari, mtaalamu wa patholojia wa Austria, mwaka 1883.

Ni nadra. Kati ya wagonjwa 100 wa kongosho, wanaopata vinundu vya ngozi ni kama 2 au 3, na wanaopata vinundu pamoja na viungo ni wachache zaidi. Lakini unadra huo una mtego ndani yake: karibu theluthi mbili ya wagonjwa walioandikwa wakiwa na mambo yote matatu (kongosho, vinundu na viungo) tumbo lao halikuuma, au liliuma kidogo tu. Mgonjwa analalamikia miguu, daktari anatazama miguu, maabara inauza kifurushi cha viungo. Kongosho halitajwi na mtu.

Kwa watu wa Tanga miguu iliyovimba ina majina mengi kabla hujafika huko. Kuna matende, ambayo pwani hii inayajua tangu zamani. Kuna majipu, baridi yabisi, jongo, chikungunya. Kuna vinundu vya miundi vinavyoletwa na kifua kikuu au maambukizi ya koo, na vile vya mgonjwa wa ukoma anapopata mchachamao, yaani kinga ya mwili inapolipuka. Vya kongosho vinatofautishwaje? Kwanza mahali: hukaa zaidi chini ya goti na kuzunguka vifundo vya miguu, ingawa vinaweza kutokea mapajani, makalioni na hata mikononi. Pili, vitabu vinasema "vyekundu", na kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani. Tazama rangi ya zambarau iliyokolea au kahawia, kisha tumia kiganja: pana joto, ni pagumu, na mgonjwa anauvuta mguu ukipabonyeza. Tatu, na hii ndiyo alama nzuri kuliko zote, baadhi hupasuka vyenyewe na kutoa kitu kizito cha rangi ya kahawia, chenye mng'ao, kama samli iliyoyeyuka. Si usaha. Ukikiotesha maabara hakioti kijidudu, na ndiyo sababu mgonjwa anamaliza dozi ya pili ya antibayotiki na vinundu vinaongezeka.

Viungo vinavyoshikwa mara nyingi ni vifundo vya miguu, magoti, vifundo vya mikono na vidole. Diklofenaki haisaidii sana. Prednisoloni, dawa ya steroidi, nayo huwa inashindwa, na madhara yake unabaki nayo: sukari inapanda, na kwa mtu mwenye minyoo ya kimyakimya, jambo la kawaida pwani, inaweza kuiamsha vibaya.

Sasa turudi kwenye kifurushi. ESR na CRP zitapanda, lakini zinapanda kwa kila kinachofura mwilini, kuanzia jino bovu hadi nimonia. RF inaweza kutoka chanya kwa mzee asiye na tatizo lolote la viungo, au kwa mwenye kifua kikuu au homa ya ini, kisha mtu akaanzishiwa safari ndefu ya dawa za baridi yabisi asizozihitaji. ASO inasema tu kwamba mtu aliwahi kuambukizwa bakteria wa streptokokasi, mara nyingi kooni. Asidi ya yuriki inaweza kuwa ya kawaida hata siku jongo limepanda, na inaweza kuwa juu kwa mtu asiye na jongo. FBP ina faida moja iliyojificha: hesabu ya eosinofili, aina ya chembe nyeupe za damu. Vinundu, viungo na eosinofili nyingi vikikutana kwa mtu mzima anayekonda, daktari anapaswa kuiwazia saratani ya zile seli za kongosho zinazotengeneza vimeng'enya. Ila huku kwetu eosinofili hupandishwa na minyoo na kichocho kila siku, kwa hiyo namba hiyo ikiwa peke yake isimtishe mtu.

Hatusemi kila goti linalouma lipimiwe lipesi. Huo nao ungekuwa upotevu. Tunasema hivi: viungo zaidi ya kimoja vimevimba na miguuni kuna vinundu vinavyouma, au kuna kidonda kinachotoa mafuta, lipesi iwe kipimo cha kwanza hata kama tumbo limetulia. Hapa inauzwa Sh 20,000 peke yake. Amilesi ni Sh 15,000, na ukilazimika kuchagua moja chagua lipesi. Kongosho likishambuliwa, lipesi hupanda ndani ya saa 4 hadi 8, hufika kileleni kama saa 24, na hukaa juu siku 8 hadi 14. Amilesi hushuka mapema, mara nyingi ndani ya siku 3 hadi 7, tena inatoka pia kwenye tezi za mate, kwa hiyo mtoto mwenye matubwitubwi anaweza kukupa amilesi ya juu na kongosho lake ni zima kabisa.

Mapokezi ni wepesi na wana adabu. Mazungumzo ya dirishani huenda hivi:

"Shikamoo bibi. Umekuja na karatasi ya daktari au unapima mwenyewe?"

"Marahaba mwanangu. Mwenyewe. Ni viungo hivi, na miguu imetoka mavimbe."

"Pole bibi. Basi chukua kifurushi cha viungo, kimo kila kitu."

Hilo "kila kitu" ndilo tunalolilalamikia. Binti wa watu hana kosa, anasoma bango. Aliyepanga bango ndiye angeweza kuongeza mstari mmoja: ukiwa na vinundu miguuni, uliza lipesi. Hadi hapo, mgonjwa aitaje mwenyewe, kabla ya kulipa, kwa sababu risiti ikishatoka kuongeza kipimo ni kupanga foleni upya.

Utoaji wa damu ni mzuri, na hapa tunawasifu bila kusita. Wanafunga kamba kwa muda mfupi, hawachezei mshipa, na jina linaandikwa kwenye tyubu mbele ya mgonjwa. Hata hivyo jua kinachoendelea. Kwa FBP na ESR wanatumia tyubu ya kifuniko cha zambarau, ambayo ndani yake mna EDTA, kemikali ya kuzuia damu isigande. EDTA hushika kalsiamu, na amilesi haifanyi kazi bila kalsiamu. Lipesi nayo inavurugika. Damu ya lipesi itoke kwenye tyubu nyekundu au ya njano, ileile ya asidi ya yuriki na RF. Maana yake huhitaji kuchomwa mara ya pili. Mililita 4 za damu zinatoa karibu mililita 2 za seramu, yaani maji yanayobaki damu ikishaganda, na lipesi inahitaji sehemu ndogo tu ya hiyo. Tyubu iachwe igande kama dakika 30, kisha izungushwe kwenye sentrifuji kama dakika 10. Ikiharakishwa kabla haijaganda vizuri, nyuzi za damu huziba sindano ya mashine, na seramu inaweza kutoka nyekundu kwa chembe zilizopasuka. Seramu ya namna hiyo inaweza kupotosha lipesi kwa baadhi ya mashine, kwa hiyo irudiwe.

Kufunga kula si lazima kwa lipesi. Ni vizuri ikiwa unapima na mafuta ya damu, jambo tunaloliunga mkono kwa mgonjwa wa aina hii: trigliseridi zikipita miligramu 1,000 kwa desilita, zenyewe zinaweza kuwa ndizo zilizoliumiza kongosho. Seramu yake hutoka nyeupe ya maziwa, na fundi wa maabara akiiona hivyo aandike kwenye karatasi ya majibu. Hapa wanaandika. Maabara nyingine humwaga tu.

Ila kupima lipesi na trigliseridi kwenye mashine moja kuna hila ambayo hata baadhi ya wenye taaluma huisahau. Kitendanishi cha trigliseridi, yaani kemikali ya kuzipimia, chenyewe kina lipesi ndani yake, maana ndiyo inayovunja mafuta ili yapimike. Tone dogo likibaki kwenye sindano ya mashine au kwenye kikombe cha kupimia, kisha ikafuata sampuli ya lipesi, jibu linapanda kwa uongo. Dawa yake ni mbili: lipesi iendeshwe kwanza asubuhi, kabla ya mafuta ya damu, au mashine iwekewe amri ya kujiosha kati ya vipimo hivyo. Maabara hii inafanya la kwanza. Sampuli zinazofika kabla ya saa 3 asubuhi huingia kwenye duru ya lipesi, na baada ya hapo mashine inahamia kwenye kolesteroli na wenzake. Zinazochelewa huhifadhiwa kwenye friji hadi kesho yake, na hilo halina ubaya: seramu iliyotenganishwa vizuri hukaa siku kadhaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 bila lipesi kuharibika. Ubaya ni kwamba hawakuambii. Mgonjwa anakaa kwenye benchi hadi adhuhuri akidhani jibu linakuja. Basi fika saa 2.

Karatasi ya majibu inahitaji jicho. Lipesi haina kiwango kimoja cha dunia nzima. Kwa njia ya rangi inayotumika sana, kikomo cha juu huwa karibu na uniti 60 kwa lita. Kwa njia nyingine za zamani kinafika karibu 190. Usilinganishe namba ya hapa na ya hospitali nyingine bila kusoma safu ya "kawaida" iliyochapwa pembeni. Kinachotafutwa ni mara 3 au zaidi ya kikomo cha juu cha maabara husika. Mgonjwa wa kongosho mwenye vinundu na viungo kwa kawaida hapapasi mpakani, namba yake huwa mamia au maelfu. Ukiona 110, amilesi ya kawaida, na mgonjwa hana dalili zinazoeleweka, omba kipimo kirudiwe peke yake asubuhi, uone kama si lile tone la trigliseridi. Figo zilizochoka nazo hupandisha lipesi kidogo, kwa hiyo kreatinini, kipimo cha figo, iwe karibu.

Kisha kuna kasoro ya pili, ambayo ni ya kiufundi na inarekebishika. Mashine yao inasoma hadi uniti 300, na zaidi ya hapo karatasi inachapa ">300" basi. Kwa kugundua ugonjwa inatosha. Kwa kufuatilia haitoshi hata kidogo. Mgonjwa aliyetoka 2,800 akashuka 900 baada ya mfuko wa maji kukaushwa amepata nafuu kubwa, lakini kwenye karatasi zake mbili ataona kitu kilekile. Fundi achukue sehemu 1 ya seramu, aongeze sehemu 9 za maji ya chumvi ya asilimia 0.9, apime tena na kuzidisha jibu kwa 10. Ni kazi ya dakika chache na kitendanishi kidogo. Ukiwaomba wanafanya, bila kununa. Usipoomba hawafanyi.

Maji ya kiungo pia wanapokea, yakiwa yamevutwa na daktari. Hapa wako vizuri kuliko tulivyotarajia. Yagawanywe mara tatu: tyubu ya zambarau kwa kuhesabu chembe, chombo safi kisicho na kijidudu kwa kuotesha, tyubu tupu kwa lipesi na kwa darubini. Maji ya ugonjwa huu mara nyingi huwa mazito, meupe au ya njano, yenye matone ya mafuta, hayaoti kitu, na lipesi yake huwa juu sana. Mtu akiyatazama kwa macho tu atasema usaha na mgonjwa atapelekwa kusafishwa goti. Kutafuta fuwele za yuriki za jongo, zenye umbo la sindano, kunataka darubini yenye vioo vya polaraizi. Hapa hawana, na wanakiri hawana, jambo ambalo tumelipenda.

Kipande cha ngozi hawakisomi wenyewe, kinasafirishwa Dar es Salaam. Kosa linalofanyika kabla hakijafika dirishani ni kutokata kwa kina cha kutosha. Kile kifaa cha kutoboa cha milimita 4 huleta ngozi ya juu na mafuta kiduchu, na ugonjwa uko kwenye mafuta. Kinatakiwa kipande kilichokatwa kwa kisu hadi ndani ya mafuta, kutoka kinundu kipya ambacho hakijapasuka. Kiwekwe kwenye fomalini ya asilimia 10, ujazo wake uwe kama mara 10 ya kipande. Msomaji anatafuta seli za mafuta zilizopoteza kiini, zimebaki kuta nene kama vivuli, na vumbi la kalsiamu kuzizunguka. Akiziona hizo swali linakuwa limefungwa. Fomu ya hapa ina nafasi ndogo ya maelezo, basi daktari aambatishe karatasi aandike neno kongosho, maana msomaji asiyedokezwa anaweza kukijibu kwa mstari mmoja: uvimbe wa mafuta.

Ultrasaundi iko chumba cha pili. Kwa kongosho tungemwambia mgonjwa asitegemee sana: gesi ya utumbo hulificha, hasa akija ameshiba. Afunge kula kwa muda wa saa 6 hadi 8. Inafaa kwa mawe ya nyongo na mfuko mkubwa wa maji, ila "kongosho halikuonekana vizuri" isisomwe kama "kongosho ni zima". Lipesi ikiwa maelfu, kinachofuata ni CT skani yenye dawa ya kung'arisha. Tiba nayo ni ya chanzo: jiwe litolewe, mfuko ukaushwe, mrija uliobanwa ufunguliwe, pombe iachwe, uvimbe utafutwe. Vinundu na viungo hutulia vimeng'enya vikiacha kuvuja. Kuvipaka dawa juu ni kujichosha. Kwa ngozi yenye utata, Moshi pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, na rufaa ya huko inaombwa kupitia hospitali.

Kwa jongo na baridi yabisi ya kawaida tunakipa kifurushi hiki nyota nne. Kwa mwenye vinundu tunakipa mbili, na zote mbili ni za fundi anayechukua damu. Asikinunue. Achukue lipesi, FBP, kreatinini, kalsiamu na trigliseridi kimoja kimoja. Kwa bei za bangoni jumla yake inakaribiana na ya kifurushi, na kila namba itakayotoka daktari ana pa kuipeleka.

Wako wazi saa 1 na nusu asubuhi hadi saa 11 jioni, Jumamosi hadi saa 8 mchana. Ijumaa dirisha la sampuli hufungwa saa 6 kwa ajili ya swala na hufunguliwa tena saa 8. Anayetapika mfululizo, mwenye homa, macho ya njano au tumbo gumu asipite hapa kabisa, aende hospitali ya Bombo moja kwa moja, na damu atatolewa hukohuko.